Maziwa ya Ndaki

Nsemulwa, Mpanda
11 Agosti 1996

Mdogo wangu Lucia,

Pokea salamu zetu za huku Nsemulwa. Natumaini wewe na mkweo Dorotea hamjambo, na kwamba huko Kasansa mmevuna kuliko sisi. Mimi nipo, ila magoti yamechoka.

Nimepata ujumbe wako: mwalimu mzima nashindwaje kujua ndege kubwa kama kanisa imepotelea wapi angani, na mwanao Ndaki akiwa ndani yake. Una haki ya kunicheka. Nilikueleza kwamba katikati ya bahari mitambo ya nchi kavu haiioni ndege. Rubani ndiye anayesema kwa redio yuko wapi, na akinyamaza, watu wanabaki kukisia. Wapo wanaosema iliingia kwenye wingu la radi. Wengine wanasema moto ulikula nyaya kabla rubani hajaita, au dira iliharibika wakazunguka hadi mafuta yakaisha. Dorotea aliniandikia kwamba yote hayo uliyakataa kama mnunuzi anavyokataa tumbaku mbovu.

Uliyoyakubali ni yale ya watekaji: kwamba waliishusha jangwani na abiria wamefichwa, wako hai. Tangu hapo, nasikia, kila jioni unamwekea Ndaki maziwa kwenye kibuyu chake. Umekataa kunyoa nywele za msiba, umekataa matanga, na Dorotea anaingia mwaka wa pili si mke, si mjane.

Dorotea mwanangu, wewe unayemsomea, ukifika hapa mshike mama mkono, ndipo uendelee.

Lucia, mwezi wa tatu ilifika barua ya kampuni ya ndege kwenye sanduku langu la posta, maana ndilo Ndaki aliloandika kwenye fomu. Wavuvi walinasa kipande cha bawa na viti, na namba zililingana. Hakuna aliyepona. Niliikunja nikaiweka ndani ya atlasi, na siku hiyo hiyo nikakaa nikakuandikia habari za watekaji. Hakuna mtaalamu aliyesema hivyo. Niliyatunga mimi. Maelezo nilikuwa nayo mengi. Neno hili moja la kweli ndilo lililonishinda kulisema.

Barua yenyewe nimeiweka humu. Maziwa ya jioni ya leo mpe Dorotea anywe.

Nitakuja Alhamisi kwa lori la jirani yangu Rehani tukae matanga. Usishtuke ukiniona, nimenyoa asubuhi hii, kabla sijashika kalamu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mkiweza, mnisamehe.

Ni mimi kaka yako,
Enoka Mwandu