Polisi Sita na Jeneza la Mninga

Tunduma, 12 Machi 1998

Mpwa wangu Roda,
Salamu tele kama mahindi ya Mbozi. Mimi mzima, ni kifua tu kinanibana. Wewe na watoto hamjambo?

Kaa chini kwanza. Mumeo Fanuel hatunaye. Jumatatu mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, Ferista, alikuja kibandani kwangu. Akanieleza kwa Kibemba, nami Kibemba unajua nakijua kuliko wenyewe: Fanuel kaangukiwa na magunia wakipakia lori, mguu umevunjika, kalazwa, na... *fwa*. Nikamwambia, "Mama, usirudie. Nimeelewa."

Nilivuka siku ileile. Mazishi, Roda! Jeneza la mninga, polisi sita wamelibeba, bendi mbele. Nilihutubia kwa Kibemba saa nzima, mkuu wao akaniazima leso. Nyoa nywele, mwanangu, ila tembea kichwa juu.

Mjomba wako,
Timotheo

Igamba, 30 Machi 1998

Shikamoo mjomba,
Pole na kifua. Huku tunajikongoja.

Barua yako ilisomwa kanisani. Watu walilia, ila kwenye polisi sita wakapiga makofi. Nimenyoa. Matanga tulianua juzi Jumamosi. Shemeji Shadrack kachukua koti la marehemu. Mwanangu Angel anauliza bendi ilipiga wimbo gani. Tukivuna nitakuja unionyeshe kaburi.

Mpwa wako,
Roda

Tunduma, 20 Aprili 1998

Mpwa wangu,
Hamjambo huko? Mimi nakohoa kidogo, lakini kikohozi cha dume.

Mwambie Angel wimbo niliwatungia mimi, palepale. Wewe usije. Mpakani kuna fujo, na kaburi nimelijengea, saruji bado mbichi.

Mjomba wako,
Timotheo

Igamba, 9 Agosti 1998

Mjomba,
Nilidhani saruji imekauka, nikaenda.

Kaburi ni tuta lenye kijiti cha namba. Muuguzi alinisomea daftari: Fanuel alikufa tarehe 29 Machi. Barua yako ni ya tarehe 12.

Daktari alitaka ndugu wa kutia sahihi mguu ukatwe, usije ukamwozesha mwili mzima. Fanuel akamtuma Ferista kwako na neno moja: *ngafweniko*. Nikauliza maana yake. Muuguzi akasema, "Nisaidieni."

Ferista alirudi wodini akamwambia, "Mjomba wenu kasema ameelewa." Basi Fanuel akaomba kitanda kigeuzwe, kielekee mlangoni.

Sisi tulianua matanga Jumamosi. Yeye akafa Jumapili.

Roda

Tunduma, 3 Februari 1999

Mpwa wangu mpendwa Roda,
Salamu nyingi sana, kwako, kwa watoto, kwa shemeji yako Shadrack. Barua zangu tatu hujajibu, labda zilipotea njiani.

Kosa ni la Wabemba. Kwetu *fwa* ni kufa, hata mtoto wa mgongoni anajua. Wao wanalichomeka katikati ya msaada! Hiyo nayo lugha? Na yale mazishi nilikupambia kwa upendo tu, usione aibu mbele za watu. Kuvuka, kweli, sikuvuka. Ningeenda kumfanyia nini maiti?

Sasa kifua kimenilaza. Natema damu. Kibanda kimefungwa wiki ya pili, majirani wanapitia upande wa pili wa barabara. Mimi niliyemwangusha fahali kwa pembe, leo kikombe kinanishinda. Shadrack ana pikapu ya kahawa. Mtume aje anifikishe hospitali, haizidi siku moja.

Nisaidieni. Nimeliandika kwa Kiswahili, usije ukakosea.

Mjomba wako,
Timotheo

Igamba, 11 Februari 1999

Marehemu mjomba,
Barua yako imefika. Usirudie, tumeelewa.

Tumelia sana. Jeneza lilikuwa la mninga, polisi sita wamelibeba, bendi mbele. Wimbo katunga Angel. Shadrack alihutubia saa nzima, na pikapu yake haikutoka nyumbani siku hiyo kwa heshima yako. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuzikwa hivyo.

Matanga tunaanua Jumamosi. Jumapili ni yako.

Mpwa wako,
Roda