Mguu wa Nyota

Kisangani, 14 Machi 1965

Mpendwa binti yangu Sikujua,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Bujumbura? Na mume wako Zuberi, kifua kimempoa? Sisi wazima, Alhamdulillahi, ingawa tumekonda wote kama tulioambizana. Mjukuu wangu Nyota anakula vizuri. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome kwa moyo uliotulia.

Risasi hazisikiki tena mtaani kwetu. Sombe na samaki wamerudi sokoni. Chumvi bado ni ya kubembeleza.

Sasa habari ya mguu. Siku ile ulipokimbia na mdogo wa Nyota mgongoni, ukaniachia yeye kwa kuwa asingeweza mwendo wa msituni, ulinishika mkono ukasema, "Mama, usimuchanje." Nikaitika.

Mwezi wa pili mguu ule aliozaliwa nao mnene ukawa mwekundu, wa moto, na homa ikampanda hadi akawa ananiita kwa jina lako. Daktari hayupo upande wetu. Nami unanijua: miaka thelathini nachanja watu kwa wembe, navuta damu mbaya kwa pembe, wanaondoka wakinishukuru. Nikajiona mjuzi. Nilimchanja mara tatu. Yalitoka maji badala ya damu, na hayakukoma. Kesho yake wekundu ulikuwa umefika pajani.

Jirani yetu Germaine, mke wa mvuvi, alituvusha mto kwa mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo, kwa Papa Benoît, infirmier wa zahanati, yule muuguzi. Aliutazama mguu, kisha akanitazama mimi.

"Mama, mutoto amezaliwa vile. Hii si damu mubaya, iko mayi ya mwili inakosa njia. Ukimukata, unafungulia mikrobe ya homa mulango."

Alimpiga sindano za penisilini siku kumi. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda, nikisali na kujilaumu. Niliogopa sana, mwanangu.

Mguu utabaki mnene, alisema, ila homa tunaweza kuizuia. Naosha kwa sabuni asubuhi na jioni, nakausha kati ya vidole, nafunika kila mkwaruzo. Ukianza wekundu tu, tunavuka. Nyota anacheka eti naosha mguu kama sahani ya harusi.

Pembe nimeiweka darini. Wagonjwa wangu wamenuna.

Msalimie Zuberi na kaka yako Yakubu. Germaine anawasalimu. Mungu awafungulie barabara mrudi wote.

Ukirudi utaona makovu matatu juu ya kifundo. Majirani watakuambia ni ya vita, maana ndivyo nilivyowaambia. Usiwaamini.

Mama yako akupendaye,
Hadidja