Mfupa Ulionikosesha Wewe

Mpendwa uliyekuwa mchumba wangu,

Usomapo haya huko Kyerwa kwa mumeo, ujue mimi ndiye mwanaume mwenye bahati kuliko wote kuanzia Omurushaka hadi Murongo. Nina pikipiki mbili. Kampala nimelala hoteli yenye lifti. Na bahati kuu, nilikukosa. Wenzangu waliooa wanalia. Mimi nalala katikati ya kitanda.

Unaikumbuka siku ya posa? Mlitupokea kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi. Nikatafuna, nikapiga stori za mpakani, nikacheka kichwa nyuma, mdomo wazi kama ghala. Shangazi yako akainuka.

"We kijana, hebu usifunge. Nini hicho hapo juu?"

"Mfupa tu, shangazi. Nimekua nao."

Akamgeukia baba yako. "Hawa ni Warundi. Sisi Wanyambo hatuoti mifupa kwenye kaakaa."

Kweli, babu yangu alitoka Burundi kuja kuchuma kahawa za watu. Sijawahi kuficha. Lakini posa ilikufa palepale, nami kahawa bado naitafuna.

Shule sikumaliza, ila kuuliza najua. Daktari wa meno alinicheka: "Si ugonjwa. Makabila mengine wanao wengi, mengine wachache, lakini hakuna kabila linalomiliki mfupa huu." Hata hivyo nikawa nawafungua abiria wangu wa bodaboda midomo kama mnunuzi wa ng'ombe. Mhaya mmoja anao. Mganda anao. Katekista wenu, Mnyambo wa Wanyambo, anao mkubwa kuliko wangu!

Wewe hukuhitaji daktari. Mchana ule kwenye migomba ya kwenu ulinyanyua ulimi, ukanionyesha vifupa vyako viwili chini yake, kulia na kushoto, kama punje za mahindi. Ukasema, "Ona, tumeumbwa na fundi mmoja." Halafu siku ya posa ukakaa mkekani ubavuni kwa shangazi, unaangalia vidole vya miguu. Maneno matatu tu yangetosha: "Hata mimi ninavyo." Hukuyasema. Wakaniondoa kwenu kama mwizi wa ndizi, nawe ukakusanya kahawa iliyobaki.

Sikuombei mabaya. Wanao wakiota mfupa mdomoni, waambie hauumi, wasiogope.

Na ile bahati ya kukukosa ni uongo mtupu. Sina bahati yoyote.

Mimi,
mchumba wako uliyemnyamazia