Paka Wetu wa Mizunguko Miwili

Mwaka umetimia, mjukuu wetu, tangu asubuhi ile ulipofunga kamba za viatu kizingitini ukasema, "Narudi sasa hivi, msinywe chai yote." Hukurudi. Kikombe chako kilikaa mezani mpaka jioni, hakuna aliyethubutu kukigusa.

Paka, ndivyo walivyokuita uwanjani, kwa sababu ulikimbia mita mia nane bila kishindo, umejificha nyuma ya wenzako, ukivizia mpaka kona ya mwisho. Ila huko kutokuwa na kishindo kulikuwa kwa uwanjani tu. Nyumbani, sufuria zinakujua.

Kwenye kibanda chako cha ufundi wa viatu watu bado wanapita na soli zao mkononi, halafu wanakumbuka, wanaondoka pole pole. Wewe ulimwangalia mtu soli kabla ya uso. "Mama, unaegemea kushoto. Goti linauma?" Na kweli linauma. Viatu vya watoto wa shule uliviongezea mshono bila kuambiwa, ukisema watoto hawatembei, wanapiga mateke.

Bibi yako mbio alikuwa hazijui. Kwake aliye mbele ndiye mshindi, basi. Siku ya kwanza kukuona uko nyuma ya kundi, alisimama akapiga kelele, "Jamani, mtoto ana njaa huyo!" Jukwaa zima likacheka. Uliporudi ukamkalisha jikoni, ukapanga vitunguu mezani.

"Mke mwenzangu, tazama. Kitunguu cha mbele kinapigwa na upepo. Hiki cha nyuma yake kinapumzika."

"Na hiki kilichobanwa ndani, na wenzake wako ubavuni?"

"Hicho kimefungiwa. Nguvu kinazo, pa kutokea hakina."

"Haya, nimeelewa. Sasa nirudishie vitunguu vyangu nipike."

Kitunguu cha mbele alikuwa mdogo wako. Kuvizia hakuwezi, filimbi ikilia yeye keshaondoka. Kwa hiyo mlipanga: yeye anatangulia na kukata upepo, wewe unamfuata mgongoni kwenye mstari wa ndani. Wengine wakija kukufungia pale, wanakuta mmeshamaliza mambo yenu. Maana mkitoka kona ya mwisho, yeye akisikia nyayo zako zinaongeza kasi, anasogea hatua moja nje bila kugeuka, nawe unapenya kwa ndani. Mliita kufungua mlango. Ukishapita, yeye anakushika wewe kwa macho na kukufuata. Wa kwanza na wa pili, mara ngapi!

Shangazi yako alikuwa hapendi. "Kwa hiyo mdogo anapigwa na upepo, mkubwa anapigiwa makofi?"

Mdogo wako ndiye aliyekuwa anakujibia. "Shangazi, niache. Mimi nikimwona dada mbele ndio miguu inapata akili."

Asubuhi ile ya mazoezi barabarani pia mdogo wako alikuwa mbele, wewe nyuma. Gari likaacha njia. Yeye alichosikia ni nyayo zako kukatika.

Baada ya hapo hakukimbia tena. Viatu aliviweka uvunguni, nasi hatukuvigusa. Baba yenu akasema, "Barabara imeshachukua mmoja. Imetosha." Bibi yako hakubishana na mtu. Alikaa na mdogo wako, wakachambua mboga pamoja, miezi.

Halafu mwezi uliopita mdogo wako akasema, "Bibi, kuna mbio za kuchagua timu ya taifa. Wanachukuliwa wawili. Nataka kwenda, lakini naogopa."

"Nini kinakutisha?"

"Kimya. Nilizoea kumsikia dada nyuma yangu."

Baba yenu alinuna. Lakini siku yenyewe tulimwona amesimama nje ya uzio na nguo zake za kazini, kama mtu anayepita tu.

Paka, ungemwona! Alitangulia kama zamani. Mzunguko wa kwanza, yeye na upepo. Kengele ikalia, bado yuko mbele. Tukasimama wote. Shangazi alimbana bibi mkono mpaka ukafa ganzi. Wakaingia kona ya mwisho, wakawa wanatoka, na hapo tukamwona mdogo wako anasogea. Hatua moja nje. Njia ya ndani ikabaki nyeupe.

Akapita hapo msichana tusiyemjua. Mwingine akamfuata. Mdogo wako akamaliza wa tatu.

Nyuma yetu mtu akasema, "Huyo pumzi zimemwishia." Mwingine akasema, "Mbio hajui, anawezaje kumpisha mtu?" Shangazi, ambaye kwa kawaida angewajibu, alikaa chini akajifunika uso.

Mdogo wako alikuja kwetu mikono kiunoni. "Bibi, nilisikia nyayo. Nikafungua."

"Najua, mwanangu."

"Sikufikiri. Nilisikia tu, nikafungua."

Baba yenu alikuwa amesharuka uzio, hatujui vipi na umri ule. Alimfuta uso kwa shati lake. "Mwakani utaweza kuufunga huo mlango?"

"Sijui, baba. Sidhani."

Tulidhani atamkemea, au atasema basi na mambo haya. Alimshika mabega akamwambia, "Usiufunge, mama. Mwakani waache mbali sana. Ukimfungulia dada yako, asiwepo mwingine wa kupita."

Wanaokulilia na kukupenda: babu na bibi yako, baba na mama yako, shangazi yako, wateja na mafundi wenzako wa kibandani, na mdogo wako, ambaye ameanza mazoezi tena, na asubuhi baba yenu anamfuata nyuma kwa baiskeli.

Paka wetu, pumzika. Kukusahau hatutaweza, wala hatutajaribu.