Mfarishi wa Zuhura na Mkono Wangu wa Kushoto

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kukuambia neno kabla sijakuamkia, wewe mwenyewe ulinilea hivyo. Nina jambo, na bora ulisikie kwangu kuliko kwa watu. Ule mfarishi wa harusi ya mwanao Zuhura uliouacha nusu, nimeumalizia mimi. Na nimeumalizia kwa mkono wa kushoto.

Usikasirike kwanza, nisikilize.

Unakumbuka barazani kwako Cheyo? Wewe kwenye mkeka, miguu umenyoosha, mfarishi uko mapajani. Chini marekani, katikati blanketi kuukuu, juu vipande vya kanga, na sindano inashika vyote vitatu. Ulisema kazi hii ilikuja na bibi yako, alitembea na msafara toka pwani, akafika Tabora akachoka, akakaa. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyako tu. Ulikuwa hata huvitazami. Unaongea na Mama Hadija wa nyumba ya pili, mnamsema mtu, mnacheka, na mshono unakwenda wenyewe, umenyooka kama reli ya kwenda Kigwa. Mpaka leo sijaelewa ulikuwa unafanyaje.

Ulipoona natazama sana ukanipa kipande. Nikashika sindano kwa kushoto, maana ndivyo nilivyozaliwa. Ukanipiga kikofi.

"Huo mkono wa chooni, mwanangu. Bibi harusi ndio ajifunike hicho?"

Nikahamia kulia. Nilipomaliza ukasema, "Geuza." Mbele ulikuwa hupatazami kabisa, wewe ni mgongo wa kitambaa tu. Ukautazama, ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Hapa kapita kuku ana matope." Ukanipa wembe nifumue. Kipande kile nilikishona nikakifumua sijui mara ngapi, siku nzima nzima. Sikuumia, shangazi. Nilichotaka ni mshono wangu ufanane na wako, basi.

Halafu baba akahamia kijiji cha ujamaa, njia ya Sikonge, nikaitwa kwenye tumbaku. Ile kazi hukuwahi kuiona. Majani yakishachumwa tunayafunga kwenye fito. Mawili yanalala upande huu, mawili upande ule, kamba inapita katikati, kisha tunayaning'iniza ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia kwa moto. Kule hakuna anayeuliza mkono gani. Nilifunga kwa kushoto misimu mitatu mpaka wakaniita Mashine. "Mashine, hebu njoo na huku." Mimi nacheka tu, unanijua sina maneno.

Taarifa yako ilipofika nilipanda baiskeli, nikakuta umeshazikwa. Zuhura akafungua sanduku akanitolea mfarishi wake. Nusu umeshona wewe. Nusu ina bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikizia.

"Kaka, ni wewe peke yako uliyekaa na mama kwenye hii kazi," akasema. "Harusi ni baada ya Idi. Malizia."

"Nitauharibu."

"Uharibu, lakini uwe umekwisha."

Nikaanza kwa mkono wa kulia, kama ulivyotaka. Nikageuza, nikaona kuku wako. Nikafumua. Nikashona tena, nikafumua tena. Mara ya tatu kile kipande chekundu, kile cha kanga uliyokuwa unavaa ukienda harusini, kikaanza kuachia matundu. Nikifumua tena kinachanika, na kanga ile hakuna nyingine, na madukani nguo zenyewe hazionekani siku hizi. Siku mbili sikuugusa. Siku ya tatu asubuhi nikanawa mikono yote miwili, nikasema bismillahi, nikaiweka sindano kushoto.

Sijui nikuambieje. Mkono ulikuwa unaijua kazi. Mimi sikuutuma. Ulilaza mishono miwili huku, ukalaza miwili kule, ukasogea, ukalaza tena, na ulikuwa hautetemeki. Adhana ya adhuhuri ikanikuta sijainua kichwa. Ndipo nikaugeuza.

Mgongoni, kwenye marekani nyeupe, kulikuwa na fito za tumbaku. Safu chini ya safu, majani yamening'inia mawili mawili, mengine marefu, mengine mafupi, kama yalivyo ndani ya bani kabla moto haujawashwa. Sikuwa nimechora. Sikuwa hata nimewaza tumbaku. Nikatazama mistari yako, nikatazama majani yangu, na pale yalipokutana, kwenye ile kanga nyekundu, sikuona ugomvi. Nikauweka chini nikasogea nyuma kidogo. Niliuogopa, ile hofu ya mtu anayevua viatu kwenye mlango wa msikiti mkubwa kwa mara ya kwanza. Huyu aliyeshona ni nani, na alikuwa wapi siku zote?

Lakini ulikuwa mfarishi wa bibi harusi, na mkono ni ule ule ulioukataa. Nilijua wanawake wa mtaa wakiukataa, Zuhura ataingia kwa mumewe bila kitu chako.

Wanawake wakaja kutazama vitu vya harusi. Mama Hadija akaushika wa kwanza, akaugeuza.

"Upande huu ni marehemu, ningeujua hata nimefumba macho. Huu mwingine nani?"

"Kaka yangu huyo mlangoni," Zuhura akasema.

"Huyu bubu?"

Wakacheka. Mama Hadija hakucheka. Alipitisha ukucha juu ya mishono, taratibu, safu hadi safu.

"Wewe, imelala kinyume hii. Umeshona kwa mkono gani?"

Ningeweza kusema kulia, nani angejua? Nikautoa wa kushoto, nikaunyoosha mbele yao. Mmoja akasema astaghfirullahi. Mama Hadija akaushika, akaukagua kama mtu anayekagua sato sokoni, kiganja, kisha vidole kimoja kimoja.

"Haya. Ukaunawe vizuri," akasema. "Mjukuu wangu anaolewa mwakani."

Akaukunja mfarishi, akamwekea Zuhura mapajani.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kulia, mwalimu wetu wa darasa la watu wazima ndivyo anavyotaka, ndiyo maana maneno yamekaa kama yamelewa. Zuhura anakusalimia, amenenepa. Vipande vya mjukuu wa Mama Hadija vimeshafika, vya njano na kijani, nimevipanga hapa kwenye mkeka. Mkono utafanya nini navyo, sijui. Naogopa, shangazi, na asubuhi naiona iko mbali.

Mungu akupumzishe mahali pazuri.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Ramadhani