Ukungu kwenye Lenzi ya Idrisa

Jumanne, 8 Julai

Nimefagia uwanja, nimemwagilia mchicha, nimebandika maji. Halafu kamera. Kila asubuhi naifuta kwa kipande cha kanga, kama alivyokuwa akifanya marehemu mume wangu. Idrisa alikuwa anaifuta huku anaongea nayo. Mimi sina la kuiambia.

Eda imekwisha mwezi uliopita. Watu wanadhani eda ikiisha na uchovu unaisha.

Leo nimeielekeza lenzi kwenye jua, nikaona nyuzi. Nyeupe, nyembamba, kama mizizi ya kitunguu. Nimefuta. Hazifutiki. Ziko ndani ya kioo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeshuka mjini kwa fundi wa kamera. Siku hizi anatengeneza simu tu, lakini mikono haijasahau. Aliifungua lenzi, akaimulika, akairudisha mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Pole, mama. Ni ukungu. Umekula kioo. Hata nikisafisha, alama hazitoki."

Nikauliza umeanza lini. Akasema huu ni wa miaka. Unyevu wa Morogoro, na mkoba wa ngozi unakaa na maji. Kamera yenyewe ni nzima, nitafute lenzi nyingine.

Miaka. Nimepanda nalo neno hilo mpaka nyumbani, Bigwa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetoa picha zake za miaka ya mwisho. Za Mgeta, kwao. Matuta ya kabichi, akina mama na vikapu, malori yamepaki kwenye mteremko, na ukungu umelala juu ya kila kitu. Kila aliyeziona aliusifu ule ukungu. Mimi ndiye niliyekuwa nazisafisha, kwenye chumba cha giza nyuma ya jiko, tangu tulipooana. Picha inapanda polepole kwenye beseni, weupe umeifunika, namwambia: ukungu wa kwenu huo, leo umeupata. Anafurahi.

Nimezitazama tena moja moja. Ipo ya mchana kabisa, vivuli viko chini ya miguu. Ukungu gani wa mlimani unasubiri mchana? Ipo iliyopigwa Dumila, barabarani, kwa wauza vitunguu. Dumila ile ya vumbi na jua. Nayo ina ukungu.

Ulikuwa wa lenzi. Neno moja, vitu viwili, na sisi tukachagua kile kizuri.

Yeye asingeweza kujua. Kamera hii huangalii kupitia kwenye lenzi. Unaangalia kupitia kadirisha lililo pembeni, na kadirisha ni safi. Aliuona mlima safi, mimi nikamletea picha yenye ukungu, akaamini picha.

Nimelia kidogo. Halafu nikacheka, peke yangu, nikikuna nazi.

Jumapili, 13 Julai

Wifi Tatu amepiga simu kutoka Mgeta. Ni dada wa Idrisa, tumbo moja. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, tarehe 26. Shabani, mwanawe, ndiye atakayerithi jina la mjomba wake. Na vitu vya Idrisa virudi kwao.

Ndivyo tulivyo Waluguru. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na vitu vyake vinamfuata. Nyumba haiguswi, kiwanja ni cha mama yangu. Sina ugomvi. Akataja baiskeli, redio, koti. Mwisho akasema: "Na ile kamera, wifi."

Nikasema sawa.

Sikusema kwamba kuna mkanda mmoja wa filamu umebaki kwenye friji, chini ya samaki. Sikusema nataka kuupiga mimi. Miaka yote nimekaa gizani na picha za watu, sijapiga hata moja. Idrisa alisema atanifundisha mvua zikipungua. Mvua zilipungua akiwa amelala.

Nataka huo mkanda mmoja. Baada ya tarehe 26 kamera si yangu. Na bila lenzi hakuna mkanda.

Jumatatu, 14 Julai

Fundi amenipa namba ya muuzaji wa lenzi, yuko Dar. Nikamwandikia: lenzi yangu ina ukungu. Akajibu: iweke juani mama, itakauka. Nikaandika: si ukungu wa maji, ni wa kuota. Akatuma vikatuni vya kucheka, halafu pole.

Nikasema nataka lenzi ya kawaida. Akasema zote za kawaida mama, ila bei ndiyo si ya kawaida.

Anazo tatu zinazoingia kwenye kamera hii. Zinaitwa kwa milimita. Hamsini ndogo. Hamsini kubwa, nzito, inayopitisha mwanga mwingi, mtu anapiga hata kwenye chumba chenye kibatari. Na thelathini na tano, inayochukua eneo pana. Namba ikiwa ndogo, lenzi inaona pana. Hilo nalijua kwa kusikia tu. Idrisa alikuwa na hamsini maisha yake yote.

Jumatano, 16 Julai

Sijalala vizuri. Nawaza vioo.

Nakumbuka harusi moja kule Mgeta. Ukoo mzima umejipanga mbele ya nyumba, na hamsini haiwatoshi. Idrisa anarudi nyuma. Bado shangazi mmoja hayumo. Anarudi nyuma tena. Kwao ukirudi nyuma kuna mteremko. Akaangukia kwenye tuta la kabichi la chini, mkono mmoja juu umeshika kamera, na sauti inatoka huko huko: "Msicheke, mtaharibu sura!" Bibi harusi alicheka mpaka akalowesha uso. Picha ile ninayo. Ndiyo nzuri kuliko zote za siku ile.

Kwa thelathini na tano asingeanguka.

Leo nimetandika mkeka uwanjani. Idrisa hakupenda kumsogelea mtu. Alikuwa anaacha urefu wa mkeka, anasema mtu apumue. Nimeweka kinu upande mmoja, nimesimama upande wa pili, nimechungulia kadirisha. Kinu kimekaa vizuri, na nafasi kidogo pembeni. Jirani amenikuta nimekiinamia kinu. Amesalimia, akapita haraka.

Ijumaa, 18 Julai

Muuzaji kanieleza kwa simu. Kadirisha la kamera hii limetengenezwa kwa hamsini. Nikichukua thelathini na tano lazima nibandike kadirisha jingine juu. Kwa moja nalenga, kwa jingine napanga nani aingie. Hamsini kubwa nayo ni nzito, na mdomo wake unaziba pembe ya kadirisha.

Nimechoka. Nataka dirisha moja.

Nimechukua hamsini ndogo. Si kwa sababu ya Idrisa. Labda kidogo.

Alhamisi, 24 Julai

Lenzi haijafika. Ofisi ya basi wanasema kifurushi hawakioni. Muuzaji anasema alituma juzi. Wote wananiita mama kwa upole, na hakuna lenzi.

Wifi kapiga tena. Nisisahau koti. Sauti yake inakwaruza, naye hajalala. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia sitasahau koti.

Ijumaa, 25 Julai

Imepatikana. Ilikuwa imewekwa kwenye mzigo wa Dodoma, imepita hapa, imeenda, imerudi. Kopo dogo, limefungwa gazeti.

Nimeizungusha mdomoni mwa kamera kama mfuniko wa chupa. Ikakaa. Nikaielekeza kwenye jua: hamna kitu ndani. Kioo tupu.

Nimeweka filamu. Hilo mikono yangu inalijua hata gizani. Nimeupiga mpapai, jogoo, mlango wa jikoni, mlima wetu kutoka uwanjani. Kadirishani kila kitu kiko viwili viwili, unazungusha lenzi mpaka viwe kimoja. Mimi ni mzito. Jogoo aliondoka akiwa bado wawili.

Kesho Shabani atanipitia na lori lake la kabichi. Nimewaza hivi: kamera ni yao, lenzi ni yangu. Nikifika nitaizungusha, niitoe, niwape chao. Nimewaza hivyo mpaka nikajionea haya. Lakini sijaacha kuwaza.

Jumapili, 27 Julai

Nimerudi jana jioni, sikuweza kuandika.

Baridi ya Mgeta, watu wengi, wali mwingi. Shabani alipewa jina kabla ya chakula, na lile koti. Limembana mabegani. Asubuhi kwenye lori nilikuwa mkaza mjomba, shikamoo. Mchana kanijia mbele za watu: "Mke wangu, mbona hunipokei mkoba?"

Ilibidi nijibu, ndiyo desturi: aliyerithi jina la mume anakutania kama mume. "Mume gani ananuka kabichi?"

Wakacheka. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine, ila ilitoka.

Kisha vitu. Baiskeli, redio. Wifi Tatu akaniangalia. Nikaitoa kamera nikaiweka mkekani na lenzi yake. Vidole vilikuwa tayari kuizungusha. Sikuweza, pale, mbele ya wote. Nikaviweka mapajani.

Shabani akaiokota, akachungulia, akamwelekezea mama yake. "Mama, humu mko wawili. Mmoja tu anatushinda."

Hata wazee walicheka. Wifi hakucheka.

"Haya," akasema Shabani. "Mimi sasa ni Idrisa au siye?"

Mjomba mkubwa wa ukoo akasema ndiye.

"Idrisa anakaa wapi?"

"Bigwa."

"Basi vitu vya Idrisa vinakaa kwa mke wake. Mimi nikitaka kuviona nitaenda kula wali."

"Utani usile mali ya ukoo, Shabani," wifi akasema.

"Shabani ndiyo nani?"

Kicheko kikawa kikubwa, mjomba mkubwa mpaka akakohoa. Akaifuta midomo, akasema jina likishatolewa halirudi, na mtu hawezi kunyang'anywa vitu akiwa kwake. Ikaisha hivyo. Nilikuwa natazama mikono ya Shabani, alivyoifunga kamera kwenye mkoba akanirudishia bila kuniangalia.

Wifi alitoka nje. Nikamfuata. Akavuta kanga kichwani, akasema: "Nipige basi, wifi. Kabla yule hajabadilisha jina tena."

Akaketi kwenye kigoda. Nikarudi urefu wa mkeka. Akawa wawili. Nikazungusha, wakasogeleana, wakapitana, nikawarudisha. Nilichukua muda mrefu. Akachoka kukaza uso, akaulegeza, akawa dada wa mtu. Hapo ndipo nikabonyeza.

Jumapili, 3 Agosti

Nimesafisha filamu juzi, leo nimechapa.

Mpapai, jogoo, mlango, mlima: hamna. Nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi, na kadirisha halikuniambia. Nyingine, za Mgeta, watu wametikisika. Nyingine nimekata vichwa.

Ya wifi imetoka. Kila kunjo la uso, uzi uliochomoka kwenye kanga, jicho moja dogo kuliko lingine. Sikujua kama jicho lake moja ni dogo. Nimemfahamu miaka yote hii.

Amepiga simu baada ya alasiri. Ameuliza ametokaje. Nikasema umetoka wewe. Nikasikia kuku wa kwao. Akasema nisimpe Shabani ailete, atashuka mwenyewe kuichukua, na akija atalala.

Nimefua shuka za chumba cha pili. Zimekauka mapema, kuna upepo.