Maua Marefu ya Nyuma

Wambui wa shosho, mjukuu wangu, hujambo huko mbali? Sisi huku Waithaka tuko sawa, ng'ombe imezaa, na mama yako anaandika nikiongea. Ati nikuchagulie maua marefu ya nyuma ya bustani? Woi! Mimi nimekulia Lavington, mama yangu akilea watoto wa Wazungu, na huko matoka yalikuwa maua marefu ya urembo tu. Nilipoolewa hapa nikayapanda nyuma kabisa, ndio yasifunike yale mafupi. Asubuhi jirani akapiga nduru: "Bibi arusi amehamisha mpaka! Anakula shamba yangu!" Kumbe huku matoka ndiyo alama ya mpaka! Nilishtuka! Baba mkwe akayang'oa mwenyewe, wazee wa kijiji wakimwangalia. Wewe panda maua ya kana, yale mekundu, yanafika kichwani. Lakini kabla hujashika jembe, ita jirani akuje aone.